Unga wa Mwani na Ndizi za Mama

Kwale, Pwani
Jumapili mchana

Kwako Baba Atieno,

Nakusalimu kwanza, hata kama umenikasirikia, kwa sababu salamu si kitu cha kunyimana. Mimi mwili wangu ni mzima, kichwa ndicho kimechoka. Ninyi hamjambo huko? Atieno ameacha kukohoa? Yale majani ya mkaratusi uliyosema utamfukizia, usimfunike blanketi zito, mtoto anaogopa giza. Lile jino lake likitoka mwambie alitunze, nataka kuliona. Na mgongo wako vipi? Najua unainama kutwa juu ya zile chupa, na najua hukumbuki kula mpaka mtu akuwekee sahani mbele. Hapa mvua imetukimbia na jua linachoma hata likiwa limejificha nyuma ya mawingu. Nasikia huko Birongo kunanyesha kila alasiri, na nina wivu.

Naandika kwa sababu simu zangu hushiki. Mara ya mwisho uliposhika ulisema, "Mama Atieno, hii unga yako haisimami. Umenitumia uji." Kisha ukakata. Nilibaki katikati ya kiwanda na simu sikioni, mikono inanuka kostiki, wenzangu wananitazama. Niliapa sitakupigia tena. Kesho yake nikapiga, hukushika. Basi nimeketi niandike kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, maana Ekegusii chako ni cha kuombea chumvi tu, na Kijaluo changu unakijua mwenyewe. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukupigia kelele. Soma mpaka mwisho. Ukitaka kukasirika, kasirika ukishamaliza.

Najua hasira yako si ya unga. Ni ya ndizi za mama, na hapo nakuelewa kuliko unavyofikiri. Mimi ndiye niliyekulia chini ya migomba ile pale Ikonge. Mnyauko ulipoingia shambani, ni wewe uliyesaidiana na Baba kuing'oa yote na kuifukia, mpaka ile iliyokuwa kando ya kaburi la mama. Chipukizi safi tulilipata kwa dada yangu Nyaboke kule Nyacheki, kwenye mgomba ambao mama alimpa alipoolewa, na hilo ndilo ulilolikatakata ukavipanda vipande vyake kwenye chupa vizae miche. Sasa hata mgomba wa Nyacheki umenyauka. Kwa hiyo ndizi ya mama haipo tena kwenye udongo wowote ninaoujua. Ipo kwenye chupa zako chache, kwenye rafu, katika kile chumba cha nyuma ya duka la mbegu, na imepandwa juu ya unga nilioutengeneza mimi. Na wewe unaniambia vichipukizi vimekuwa kama kioo, vimejaa maji, majani yamejikunja, vingine vimezama kabisa. Unadhani nililipokea vipi neno hilo nikiwa mbali namna hii?

Watu wa hapa huniuliza mtu wa milimani kwenye majani ya chai anatafuta nini baharini. Huwa nacheka tu. Jibu tulilipanga mimi na wewe mezani kwetu. Agari, unga wa kugandishia chakula cha miche, ulikuwa unatoka ng'ambo, na kila tukirudi kuununua bei imepanda. Unakumbuka mara ya kwanza kuuona? Ulikuwa wa nyuzinyuzi, kwa yule mama wa Kihindi wa duka la vyombo Kisii mjini. Alikuwa anapikia vitamu vya sikukuu, maana kwao hawagusi kitu kilichotokana na nyama wala mifupa. Akatuambia unatoka kwenye mwani. Ukaniangalia ukasema, "Na bahari si tuko nayo?" Ndipo nikaomba kazi hii kwa cheti changu cha vyakula. Wewe ubaki na chupa, mimi niende kwenye chanzo. Hatukujua chanzo chenyewe ni kichwa kigumu namna hii.

Acha nikueleze kazi ninayofanya, kwa sababu hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kuieleza vizuri. Kina mama wa hapa wanavuna mwani mwekundu, wanauanika, wanatuletea. Tunauosha chumvi, mchanga na vikonokono. Kisha tunauloweka kwenye maji ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, yaliyopashwa moto, na hapo ndipo nguvu yote inapopatikana. Mwani huu ukiuchemsha hivi hivi bila kostiki utakupa unga mwingi, lakini unga mlegevu. Kostiki inaubadilisha ndani. Unga unapungua, lakini uliobaki unashika. Ukiweka kostiki kidogo, au maji yakipoa, ulegevu unabaki palepale. Ukizidisha ukali au muda, unga wenyewe unatoka na yale maji unayomwaga, unabaki na makapi. Baada ya hapo unaosha tena na tena mpaka ukali wote uishe, unachemsha kwenye maji safi mpaka uyeyuke, unachuja ukiwa bado wa moto, unauacha ugande. Ukishaganda unautia kwenye friza uwe barafu, halafu unauacha uyeyuke ili maji yatoke pamoja na uchafu. Mwisho unakausha na kusaga. Hakuna hatua hata moja hapo ambayo huwezi kuiharibu.

Na sisi hapa tunaziharibu zote. Maji ya kisima yana chumvi, ukioshea mwani ni kama hujaosha. Stima inapotea friza ikiwa imejaa, barafu haijakamilika, na tunatoa kitu kama makamasi. Nilipofika nami nilileta balaa langu. Mimi ni mtoto wa chai. Kwetu jani likikaa kwenye gunia likashika joto, karani wa kituo anakurudishia mbele ya majirani. Kwa hiyo niliwakimbiza kina mama walete mwani mbichi siku hiyo hiyo, ukitiririka maji. Mkubwa wao anaitwa Mama Riziki. Akaniambia, "Mwanangu, huu si mchicha. Uwache uone jua." Sikumsikia. Mwani ukajaa mapipa, tukashindwa kuumaliza, ukaoza ukanuka mpaka barabarani. Mpaka leo wakiniona wananiuliza kama nimekuja kuchuma chai, majani mawili na chipukizi.

Hayo yote ningeyavumilia. Ninayeshindwa kumvumilia ni Mwakio, meneja wetu. Si mtu mbaya, nikuambie ukweli. Mfanyakazi akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika. Lakini roho yake iko kwenye mizani. Anaona kostiki inampunguzia kilo, basi anaipunguza kostiki. Anaona kuchemsha kwa muda mrefu kunatoa unga zaidi, basi anachemsha mpaka mwani uchoke. Nimemwambia mara nyingi kwamba ukichemsha kupita kiasi unaukata unga ndani kwa ndani, unapata mwingi usio na nguvu.

"Kemunto, hiyo kostiki yako inakula kilo zetu," ananiambia.

"Inakula ulegevu, bosi. Kilo zinazobaki ndizo zinazoshika."

"Mnunuzi anapima kilo. Hajawahi kuja hapa kupima kushika."

Na ni kweli hajawahi. Wanunuzi wa sasa wanautia kwenye peremende na maziwa ya mgando, hawajali sana. Ni mimi peke yangu ninayewaza migomba.

Sasa, ule unga niliokutumia niliupima kwa mikono yangu. Niliuchemsha na maji, nikaumimina kwenye kikombe, ukaganda. Nikakipindua kikombe, haukuanguka. Ndiyo maana uliposema uji niliona unanisingizia. Nilisema moyoni huyu amekosea kipimo, au ameisahau presha kuka jikoni kwa sababu ya mpira redioni, maana nakujua timu yako ikicheza. Nilikutukana kidogo pia, kimoyomoyo, na babu zako wa Ziwa nikawagusa. Unisamehe hilo.

Nilishinda na hasira hiyo nikifanya kazi. Kisha nikiwa nasugua sufuria nikakukumbuka ukipika chakula cha miche nyumbani. Unachanganya zile chumvi za mimea na sukari, halafu unatia matone ya asidi kidogo kidogo huku unaangalia karatasi inabadilika rangi, kwa sababu mche unapenda chakula chenye uchachu kidogo. Baada ya hapo unafunga kila kitu ndani ya presha kuka kuua vijidudu. Uchachu na presha, vyote pamoja. Na mimi nilipima kwa maji matupu na moto wa kawaida.

Nikaenda kwa Mama Riziki kumwazima presha kuka yake ya maharagwe, na ndimu moja. Akaniuliza napika nini. Nikamwambia napika maneno ya mume wangu nione kama ni ya kweli. Nikachukua unga wa lile gunia nililokuchotea wewe, nikatia maji na matone ya ndimu, nikafunga presha, nikaipa muda ule unaoupa wewe. Nilipofungua nikamimina kwenye kikombe, nikangoja upoe. Baba Atieno, ulikaa mle kama chai. Nilipoinamisha kikombe ulinimwagikia kwenye viatu. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, na sioni haya kukuambia. Maskini Mama Riziki alidhani nimeungua.

Kwa hiyo hukunisingizia. Na mimi sikukudanganya. Ule unga ulikuwa dhaifu tangu kwenye kostiki, ukajifanya mzima kwenye maji yangu, ukaanguka kwenye maji yako. Lakini nina neno na wewe hapo. Kwa nini uliweka vichipukizi vyote vya mama juu ya unga ambao hujaujaribu? Ungeanza na chupa moja, hata na mgomba wa mtu baki. Muuzaji akikuletea dawa mpya ya miche unaikagua wiki nzima kabla ya kuifungua. Ya kwangu ulimimina tu. Najua kwa nini. Uliniamini, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko lile neno la uji.

Nilimwendea Mwakio nikamwomba sufuria moja tu niipike nitakavyo. Akanipa ili nimwondokee. Mama Riziki akanipa maji ya mvua kutoka kwenye tangi lake, na maji kwake ni mali. Nikachagua mwani uliokauka vizuri, uliopauka kwa jua. Nikatia kostiki ya kutosha, nikakaa na kipimajoto nisiruhusu moto upande wala ushuke. Nikaosha mpaka karatasi ya kupimia ukali ikaacha kubadilika rangi. Nilipochemsha sikuungoja umalizike wote, nilitoa mapema, makapi yakabaki na unga wake ndani, liwe liwalo. Stima nayo, kwa mara ya kwanza tangu nifike, haikupotea. Nilipomaliza kusaga nilipata unga kiganja hivi, mweupe, mwepesi. Mwakio aliuona akacheka. Akasema kwa mwendo huo tutakula unga wa mahindi bila mboga.

Nikaupika na ndimu kwenye presha. Uliganda. Niliubonyeza kwa kidole ukarudi. Nikapindua kikombe, nikakitikisa, nikakitikisa tena mpaka Mama Riziki akaniambia nitakivunja na ni cha harusi yake. Sijawahi kufurahi hivyo katika kazi yoyote. Nilikupigia palepale, hukushika, na furaha ikageuka kuwa kitu kingine. Lakini nilisema si kitu, nitamtumia unga wenyewe, utasema badala yangu.

Siku iliyofuata nilikuta mkebe wangu mtupu umeoshwa na kuanikwa.

"Bosi, unga wangu uko wapi?"

"Wako?" akasema Mwakio, wala hakukasirika. "Nimeuchanganya kwenye magunia yale ya juzi. Umeinua kidogo. Lori limeshapita."

"Ule ulikuwa wa kukuonyesha njia ya kupika."

"Na nimeiona. Tengeneza mwingine kama ule, utanisaidia kuchanganyia."

Ningekuwa nimeibiwa ningepiga kelele za mwizi. Hakuniibia, ameutumia unga bora tuliowahi kutengeneza hapa kama mtu anavyotia kijiko cha samli kwenye sufuria ya maji machafu. Na yeye anaona amenisifu. Hilo ndilo linalonimaliza huku, Baba Atieno, si kazi wala jua wala wali wao wa nazi. Ni kujua kabisa jambo linavyotakiwa kufanywa, ulifanye mara moja, lifaulu, halafu mtu alimwage huku anakupongeza. Nimemwambia sufuria zinazokuja nitazipika vile vile na hakuna atakayezichanganya na kitu, la sivyo atafute mtu mwingine. Amesema atafikiria. Sijui kama wiki ijayo nitakuwa na kazi. Nikiikosa, nitapanda gari nije, na usinicheke.

Lakini mwani wa sufuria hizo bado uko kwenye chanja unakauka, na vichipukizi vya mama haviwezi kumngoja Mwakio amalize kufikiria. Kwa hiyo fungua kile kifurushi kilichokuja na barua hii. Ndani kuna agari ya ng'ambo, ile ile tuliyosema hatutainunua tena. Nimeifuata Mombasa mwenyewe. Usiniulize bei. Nilipoishika dukani niliona aibu, nikairudisha kwenye kaunta, nikatoka hadi mlangoni, nikarudi nikailipa. Fahari yangu itapata siku nyingine. Ndizi ya mama haina nyingine.

Itumie leo, si kesho. Vile vilivyogeuka kioo kabisa viache, usivihurumie. Chagua vilivyo na kitovu kigumu cha kijani, hata viwe vidogo kama punje, uvitoe kwenye uji wangu, uvikate sehemu iliyolowana, uvipandishe kwenye hiyo mpya. Gawa chupa kwenye rafu mbili, zisikae mahali pamoja. Na usichanganye na wangu hata chembe, ukifikiri unabana matumizi. Nakujua. Huo wangu uliobaki mpikie Atieno na maziwa na sukari, utaganda vizuri tu, maziwa hayana uchachu. Mwambie mama yake ndiye aliyeutengeneza.

Nisalimie mama mkwe huko Ziwani, umwambie samaki wa huku ni wengi lakini hawajui kuwakausha kama yeye. Msalimie dada yangu Nyaboke ukimwona sokoni, na umwombe asilaumu udongo wa kwake, mnyauko haukumchagua yeye. Msalimie yule mama wa Kihindi wa duka la vyombo, na umwambie namuuliza kama kuna siku vitamu vyake vilikataa kuganda, na alifanya nini. Majirani wa pale sokoni Birongo wote, hata yule wa redio kubwa. Atieno mbusu kwenye paji la uso, halafu umwambie ni wa kutoka kwangu, usijifanye ni wako.

Kuna jambo moja nilitaka nisiliandike. Leo nikitoka kanisani nilimpigia Baba. Aliniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, kama ndizi ya mama imeshapata mizizi. Sikuweza kumwambia neno lako la uji. Nikamwambia, "Ee, Baba, imepata." Kisha akasema basi ni vizuri, kwa sababu ameshaanza kulichimba shimo la kuipandia pale kando ya kaburi la mama, anachimba kidogo kidogo asubuhi kabla magoti hayajamuuma, na ameshalitilia samadi. Sikumwambia aache.

Ni mimi mkeo,
Kemunto, Mama Atieno